Abiria wa Venansi

Siku Venansi Kobelo alipokosa kufika kazini, kiti chake kilimwita kama kawaida. Taa ya kijani iliwaka pembeni mwa kioo cha kompyuta, kisha ile sauti ya Dodosa, isiyo ya kiume wala ya kike, ikasema, "Habari za asubuhi, Venansi. Abiria wako wako tayari." Ikanyamaza kidogo, ikarudia. Edita, mdogo wake, alikuwa meza ya pili akimenya yai la kuchemsha. Akaijibu bila kugeuka, "Subiri, anakuja. Leo kachelewa kunyoosha shati."

Alikuwa anasema kweli bila kujua. Walimkuta nyumbani kwake Kilakala, pasi bado ina moto, shati limenyooshwa upande mmoja, na mwenyewe kalala sakafuni kama mtu aliyeinama kutafuta kitu chini ya meza. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani. Alisema pia kwamba hakuteseka. Edita aliamua siku hiyohiyo kumwamini, na mpaka leo hajabadili uamuzi huo.

Ofisini hakuna aliyekumbuka kukizima kiti. Kilimwita mpaka jioni.

*

Kazi yao ilikuwa kupima. Waya wa Mgeta, ule unaopandisha watu kutoka Morogoro mjini mpaka Nyandira, juu kabisa Uluguru, tangu mvua zilipoifanya barabara ishindikane, unaendeshwa na programu. Magari yake yanayoning'inia juu ya mabonde hayana dereva. Kwa hiyo kila toleo jipya la programu hiyo, kabla halijagusa gari hata moja, lilipita kwanza kwenye ofisi yao, vyumba viwili juu ya duka la mabati.

Hawakupima kwa mikono. Walikuwa na Dodosa, programu ya kupimia programu nyingine, waliyokodi kwa kampuni moja ya mbali. Dodosa hubuni abiria. Huwaingiza kwa maelfu kwenye magari yasiyokuwapo, wengine wapole, wengine wakorofi, kisha hungoja kuona mfumo utakosea wapi. Ila Dodosa mpya haimjui abiria ni nani. Hufundishwa na mwenye kiti.

Kiti ndiyo leseni. Viko vya aina mbili. Kiti cha zamu anakalia yeyote, na akiinuka tu Dodosa husahau yote aliyoifundisha. Anayefuata huanza na ukurasa mweupe. Hicho kinafaa kwa kazi ndogondogo. Kiti cha jina ni cha mtu mmoja. Humjua kwa sauti, hushika namna yake ya kushuku mambo, na miaka ikipita hufika mahali kikawa kinashuku chenyewe, kama yeye, hata akiwa kaenda kula. Ndiyo sababu toleo hupitishwa na kiti cha jina pekee: lazima awepo mtu wa kuulizwa. Na mwenye kiti akiondoka, kiti husafishwa kabla ya kupewa mwingine. Mkataba ulisema mazoea ya mtu si mali ya ofisi, na Edita, alipousoma mara ya kwanza, aliona ni maneno ya heshima.

Ofisi ilikuwa na viti vya jina vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mitambo, cha pili cha tiketi. Cha tatu, cha milango na abiria, kilikuwa cha Venansi. Edita alikuwa msimamizi wa viti. Anayeajiriwa alimwandikisha, anayeondoka alimfuta, na kati ya hayo mawili alikunywa chai nyingi.

Abiria wa Venansi walitoka Mgeta, alikokulia. Kulikuwa na Mzee Kindole, anayeweka mguu mlangoni ili amalize hadithi na mtu aliyebaki nje. Kulikuwa na mama mwenye tenga la karoti, anayelifunga tenga kwenye kitasa kwa kamba ya mgomba kwa kuwa haamini sakafu. Kulikuwa na bwana harusi aliyelewa, mtoto anayelamba kioo, na watawa wawili wanaobishana waketi upande gani mpaka gari linayumba. Na kulikuwa na binti wa ndala moja, ambaye kila gari likitaka kuondoka anakumbuka kwamba ndala ya pili imebaki kituoni, anaruka nje. Huyo alikuwa Edita wa darasa la tatu. Venansi hakuwahi kukiri wala kukana.

Hata ripoti za kiti cha tatu zilikuwa na ulimi wake. "Gari la nne limefunga mlango Mzee Kindole hajamaliza hadithi. Muungwana hafanyi hivyo. Rekebisheni."

Kulikuwa pia na desturi, haijaandikwa popote, aliyoianzisha yeye mwenyewe: anayepitisha toleo ndiye anayepanda gari la kwanza, peke yake, juu ya mabonde yote mpaka Nyandira, kabla mtu mwingine hajaruhusiwa. Meneja wao, Obadia Mbwilo, ambaye hata ngazi ya ofisi aliipanda kashika ukuta, alijaribu kuipinga. Venansi akamwambia, "Bosi, kama mimi siwezi kupanda, basi sikupima. Nilibahatisha tu." Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena.

*

Walimzika Nyandira, kwenye baridi, na msibani alikuwapo Nyamizi Kapela.

Nyamizi alikuwa mpimaji mwenzao, mwenyeji wa Tabora. Alikuwa Mnyamwezi, kwa hiyo mtani wa Waluguru, na mtani ana kazi yake msibani. Jeneza lilipofika, watu walimwona ameshaingia kaburini, amevaa koti la buluu la marehemu, kalala chali na mikono kifuani.

"Sitoki," akasema kwa sauti ileile ya Venansi, ya puani, ya mtu mwenye mafua ya kudumu. "Waluguru mna haraka ya kuzika mrudi kwenye ugali. Shimo hili kalipima nani? Nauliza. Limepitishwa na nani? Upande wa miguu linabana."

Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia zaidi.

"Toka, mwanangu, utaugua," mama yake Edita akamwambia.

"Mama, mimi nimeshakufa, niugue nini tena? Leteni kuku."

Kuku akaletwa, na blanketi pia, ndipo akatoka akijipangusa udongo. Koti hakulirudisha. Hiyo nayo ni haki ya mtani. Edita, aliyekuwa hajafungua kinywa tangu asubuhi, alijikuta anamtengenezea Nyamizi kola ya lile koti, kama alivyozoea kumtengenezea kaka yake.

Wiki chache baadaye, mwanzo wa mwezi, Dodosa iliita majina. Hufanya hivyo kila mwezi ili kuhakikisha kila kiti cha jina kinakaliwa na mwenyewe. Wa kwanza akaitika, wa pili akaitika.

"Venansi Kobelo, upo?"

Edita alikuwa amekwisha kuandaa fomu ya kumwondoa, imefunguka mbele yake kwenye kioo. Nyamizi alikuwa anapita na birika la chai, amevaa lile koti kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba, na mdomo wake ukafanya kazi kabla ya kichwa.

"Nipo, nipo," akasema kwa puani. "Kwani nilikwenda wapi?"

Taa ikawa ya kijani. "Karibu, Venansi. Mafua yako hayajapona."

Walicheka mpaka Mbwilo akavua miwani kufuta macho. Kisha kicheko kikaisha, mmoja baada ya mwingine, kwa aibu. Kwenye kioo cha Edita yakatokea maneno: *Msimamizi, thibitisha. Ndiye. Siye.*

"Mtani, nilikuwa natania," Nyamizi akamwambia taratibu. "Bonyeza siye."

"Nitabonyeza."

Alisubiri wote washuke kununua vitumbua. Hakuwa na sababu nzuri hata moja, na hakujitafutia. Alitaka tu kumsikia Mzee Kindole mara moja zaidi. Akabonyeza *ndiye*.

*

Ajabu ni kwamba miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Kila asubuhi kiti cha tatu kiliamka, kikawapanga abiria wake, kikaanza kuwasumbua wenye programu. Kilikamata kosa la breki ambalo hakuna mwingine angeliona, kwa sababu tu watawa wawili walibadilishana nafasi gari likiwa kwenye kona. Mbwilo aliona majibu, akauliza mara moja, "Kile kiti bado kinakwenda?"

"Kinakwenda."

"Haya," akasema, akaondoka kama mtu asiyetaka kuongezewa maelezo.

Kila Jumapili Edita alimpigia mama yake Nyandira akamsomea ripoti za wiki. Mama alikuwa anazipenda kuliko redio. "Sasa huyo bwana harusi kafanya nini tena?" alizoea kuuliza. Edita alisoma, na mama alicheka kicheko chake cha kukohoa, kisha akasema, "Vena huyu," kama vile mwenyewe kapita jikoni sasa hivi akachovya kidole kwenye mchuzi. Edita alilala vizuri. Alinenepa kidogo. Watu walimwambia amepoa haraka, naye hakuwabishia.

Kisha likaja toleo la machela.

Watu wa Mgeta walikuwa wamelingoja kwa miaka. Magari ya Waya yalikuwa mafupi, mtu hupanda amesimama au ameketi, na mgonjwa asiyeweza kuketi alishushwa mabegani mwa vijana wanne, njia ya zamani, siku nzima. Sasa lilitengenezwa gari refu lenye mlango wa nyuma wa kuingizia machela, na programu yake ilitakiwa ipimwe kabla ya masika, kwa kuwa njia ile wakati wa masika ni utelezi mtupu.

Kiti cha tatu kilifanya kazi mfululizo. Kikakamata kosa, likarekebishwa, kikakamata lingine. Ijumaa moja, saa za chai, kikatangaza: "Toleo limepita. Mpimaji, Venansi Kobelo."

Mbwilo akapiga makofi mawili, akaliacha la tatu hewani. Alikuwa amekumbuka desturi. "Gari la kwanza..." akasema, akatazama huku na huku. "Basi hilo tutaliangalia," akamalizia, akaingia chumbani kwake.

*

Nyamizi alimkuta Edita kwenye karo akiosha vikombe. Akachukua kitambaa, akaanza kukausha.

"Mtani, kaka yako amepitisha gari la wagonjwa."

"Nimesikia."

"Nimewaangalia abiria wake, mmoja mmoja. Mzee Kindole kapanda, mguu mlangoni. Mama wa karoti kapanda na tenga lake. Bwana harusi kapanda, kaanguka, kasimama. Wote wanasimama, mtani. Gari la machela, na hakuna hata mtu mmoja aliyelala."

Edita akaacha maji yanatiririka. "Angemweka."

"Angemweka! Angekuwa hai angekwenda zahanati ya Nyandira alale kwenye machela mwenyewe, awatese wauguzi wiki nzima, ageuzwe hivi, ageuzwe vile. Tunamjua. Lakini kiti hakiendi zahanati. Kinajua alichokijua yeye mpaka ile siku ya shati, basi. Kuanzia hapo kinazunguka palepale."

"Na wewe unakitaka."

Alilisema kwa ukali aliotaka kuufuta mara moja. Nyamizi hakuonyesha kukasirika. Alikiinua kikombe kwenye mwanga, akakagua kama kimetakata.

"Nakitaka sana. Nani kakudanganya sikitaki? Mwaka wa pili huu niko kwenye zamu. Asubuhi namfundisha Dodosa mlango ni nini, jioni hanijui. Ni kama kulea mtoto wa Kiluguru." Akamtazama kama atacheka. Edita akatikisa kichwa, lakini mdomo ulikuwa umelegea. "Ila sikuja kwa hilo. Nimekuja kwa sababu kuna njia mbili, na ya kwanza inanitisha kwa urahisi wake."

"Sema."

"Nikikiambia kiti kwa sauti yangu kiongeze mgonjwa, kinaniambia mimi si mwenyewe. Nikivaa koti nikaongea kwa puani, kitanikubali. Nitamwingiza mgonjwa aliyelala, kitapima, wiki ijayo toleo linapita, mvua hazijaanza. Watu hawabebwi mabegani mwaka huu. Na sahihi itakuwa ya marehemu, kwa sauti ya utani." Akaweka kikombe chini. "Njia ya pili unaijua. Unamwondoa. Kiti kinasafishwa. Kilichopitishwa kinafutwa, tunaanza upya na kiti kisichojua hata mlango unafungukia wapi, na masika yanatukuta hatujafika popote."

"Na abiria wake?"

"Wanakwenda naye. Hawanakiliki, mtani, unajua kuliko mimi. Si maandishi wale. Walikuwa namna yake ya kuwaza."

Edita akafunga bomba. Chini dukani mtu alikuwa anashusha mabati kwa kelele.

"Ukiniambia nivae koti, nitavaa," Nyamizi akasema kelele zilipokwisha. "Mimi ndiye niliyeitika, sehemu ya kosa ni yangu. Lakini uniambie wewe, msimamizi. Na gari la kwanza sitalipanda. Siwezi kupanda kwa jina la mtu mwingine. Likikwama katikati ya bonde na mgonjwa ndani, wakauliza nani kasema liko sawa, tutawaonyesha kaburi?"

*

Jumapili hiyo Edita hakupiga simu. Alipanda Waya mpaka Nyandira.

Gari lilipopita juu ya njia ya zamani aliwaona vijana wanne wakishuka na kitanda cha kamba mabegani, na wa tano nyuma yao na mwavuli, anamkinga mgonjwa jua. Walikuwa wanakwenda kwa hatua za pamoja, taratibu. Gari liliwapita juu kwa muda mfupi sana. Aligeuka kuwatazama mpaka mgomba ukawaficha.

Mama yake alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo.

"Umekuja mwenyewe," akasema. "Basi kuna jambo. Kaa. Gari la wagonjwa wanalifungua lini? Wamembeba Mama Siwema asubuhi hii, kiuno kimemkatalia kabisa. Analalamika huyo, wanambeba na mdomo wake."

Edita akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote: jinsi kiti kinavyofanya kazi, utani wa Nyamizi, na kitufe alichobonyeza. Alieleza kwa kifupi, na mama hakumkatiza. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Kwa hiyo anayezisema zile ripoti si Vena," mama akasema mwishoni.

"Ni Vena wa mwaka jana. Hawezi kujua jipya."

"Nilijua si yeye. Mimi si mjinga." Akapepeta ungo, makapi yakaruka. "Ukimwondoa, Jumapili sitamsikia tena?"

"Hutamsikia, Mama."

"Na ukimwacha?"

"Utamsikia. Na gari litafunguliwa upesi. Ila jina litakalosimama hapo litakuwa lake, na hayupo wa kuulizwa. Mtu akiumia mle ndani watasema Venansi ndiye aliyepitisha."

Upepo ulishusha ukungu mpaka kwenye banda la mbuzi, ukaupandisha tena. Mama alikuwa mwanamke asiyependa kuonekana analia, kwa hiyo aliinamia ungo akatafuta jiwe ambalo halikuwapo.

"Umekuja na za wiki hii?"

"Ninazo."

"Basi nisomee leo mara mbili."

Edita akasoma. Mtoto alikuwa amelamba kioo mpaka mfumo ukadhani mvua inanyesha. Mama akacheka kwa kukohoa, akafuta macho kwa ncha ya khanga, na mara ya pili akacheka palepale alipocheka mwanzo.

*

Jumatatu Edita alikaa mezani kwake kabla ya chai. Nyamizi alivuta kiti akakaa karibu. Mbwilo alisimama mlangoni.

"Edita, masika ni mwezi ujao," akasema. "Mimi sikukatazi. Nasema tu, unajua."

"Najua, bosi."

"Wataniuliza mimi kwa nini tumechelewa."

"Waambie mpimaji wetu amefariki."

Mbwilo akavuta kiti naye akaketi, na Edita akamshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Dodosa iliuliza sababu ya kumwondoa mwenye kiti, ikatoa majibu matatu ya kuchagua: amehama, ameacha kazi, amefariki. Akachagua la tatu. Ikauliza tarehe. Akaandika ile ya kweli. Ikasema tarehe hiyo hailingani na uthibitisho uliotolewa na msimamizi, je, uthibitisho huo aliutoa nani? Akaandika jina lake. Nyamizi akanyoosha mkono aongeze lake, Edita akausogeza pembeni. "Wewe ulitania," akamwambia. "Mimi sikutania."

Kisha ikamwomba aseme ndiyo kwa sauti. Akasema.

Taa ya kiti cha tatu ikawa nyeupe. Haikuchukua muda. Edita alikuwa amejiandaa kwa jambo fulani, hakujua lipi, na jambo hilo halikuja. Alihisi njaa. Nyamizi akamletea kitumbua, akala chote.

Kampuni ya mbali ilimvua usimamizi wa viti, na barua yake ilikuwa ya adabu. Mbwilo alilazimika kuubeba usimamizi mwenyewe, na alilalamika kila mwanzo wa mwezi. Edita alihamishiwa kwenye tiketi. Aligundua kwamba anaipenda kazi hiyo. Masika yalikuja, na Mgeta ikawabeba wagonjwa wake mabegani msimu mwingine mzima. Wengine walifika salama, wamelowa, wamekasirika. Mama Siwema alirudi na kiuno kizima, akawahesabia majirani kila mahali wabebaji walipomtikisa. Lakini si kila safari ilikuwa nyepesi namna hiyo, na Edita hakujifanya hajui. Alipowakuta wabebaji sokoni aliwasalimia, na walipouliza lini, aliwajibu bado.

Nyamizi, kwa jina lake mwenyewe na kwa sauti yake mwenyewe, alianza na kiti kitupu. "Mlango ni nini?" kilimuuliza siku ya kwanza. Edita alijitolea kumsimulia abiria wote wa Venansi awaingize tena. Nyamizi alifikiri, akakataa.

"Nitawachezea tu, mtani. Nitakuwa naiga. Acha nipate wangu."

Akaenda zahanati. Alilala kwenye machela wiki nzima, akawatesa wauguzi, akarudi na abiria wake: bibi aliyelala anayeshika kila kitu kinachopita karibu, mjamzito anayetaka kulala ubavu, mganga msaidizi anayesahau chupa ya maji kituoni na kushuka kuifuata. Huyo wa mwisho ndiye aliyelikamata kosa. Sakafu ya gari ilihesabu abiria kwa miguu. Mganga alipokanyaga nje, ndani akabaki mgonjwa, ambaye miguu yake iko juu ya machela. Mfumo ukaona gari ni tupu, ukafunga mlango, ukalipeleka bandani kulala, ukazima taa.

Ripoti ya kiti cha tatu ilitoka ikiwa na maneno ya Tabora. "Mmemweka bibi gizani peke yake. Mnataka awalaani? Wekeni kipimo kwenye machela, si sakafuni."

Edita aliisoma akiwa amesimama. Akaisoma tena. Kisha akampigia mama yake, ijapokuwa haikuwa Jumapili.

"Huyo ni yule mwenye kuku wangu?" mama akauliza.

"Ndiye."

"Ana mdomo," mama akasema, na ikaonekana ameridhika. "Soma tena hapo pa kulaani."

Walirekebisha, wakapima, wakarekebisha. Toleo lilipita mvua zilipokuwa zimekatika na nyasi za Uluguru zimeanza kubadilika rangi. Asubuhi ya gari la kwanza, Mbwilo alishika nguzo ya kituo kwa mikono miwili kana kwamba yeye ndiye anayepanda. Nyamizi aliingia kwa mlango wa nyuma, akajilaza kwenye machela, akajifunga mkanda.

"Unalala?" Edita akamuuliza. "Si ungeketi tu uone mabonde."

"Gari la wagonjwa hili. Nikiketi nitakuwa nimepima nini?" Akageuza kichwa. "Nikifa, mtani, usiruhusu Mluguru aingie kaburini kwangu. Mtanijazia karoti."

"Tutakujazia viazi. Funga mdomo, mlango unajifunga."

Mlango ukajifunga. Gari refu likatoka kituoni, likanyanyuka juu ya mapaa ya mji, likaingia kwenye mwanya wa milima na kuwa dogo. Edita hakuomba wala hakuhesabu. Alikaa kwenye benchi akiwa na chai ya tangawizi mpaka simu ya Nyandira ilipolia, na sauti ya mama yake ikasema amefika, amelala usingizi wa kweli, na wanamwamsha ale.

Gari la machela sasa hushuka mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Siku ambayo hakuna mgonjwa, linabeba kabichi.